Kikaragosi hakihitaji sauti yako, kinahitaji kidole gumba chako

Nimeletewa tena kijana kwa sifa ileile: "Huyu anajua kuiga sauti za watu wote, kikaragosi kwake ni kazi ndogo." Jamani, hapana. Kikaragosi ninachosema ni mwanasesere anayevaliwa mkononi na kuchezwa mbele ya kamera. Sauti ni fani ya peke yake. Spitting Image, kipindi cha televisheni cha vikaragosi cha Uingereza kilichoanza 1984, kilikuwa na waigizaji wa sauti na washika vikaragosi, kila kundi na kazi yake. Hapa Kisumu, anayekuja kwangu na sauti tamu namwomba anyamaze kwanza, ainue mkono.

Mdomo wa kikaragosi unafunguka kwa chini. Kidole gumba kinashuka, vidole vinne vya juu vinatulia. Anayeanza huinua vile vinne, kichwa kikarudi nyuma, macho yakatazama dari, na mtazamaji akaachwa hana wa kumwangalia. Kiganja chenyewe hupenda kulala nyuma mkono ukiwa juu, kwa hiyo inamisheni kifundo cha mkono mbele kidogo kuliko mnavyodhani inatosha. Macho yakikutana na lenzi, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa silabi, maana hapa ndipo ninapokosa subira. Mafunzo ya Kimarekani yanasema fungua mdomo kwa kila silabi. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja, huko inawezekana. Chukua "watakaporudi": silabi sita, zote zinaishia kwa irabu. Ukizifungua zote kwa kasi ya mazungumzo, taya linatetemeka tu wala halisemi kitu. Mimi nafungua wazi kwenye mkazo, silabi ya pili kutoka mwisho, na nyingine nazigusa tu. Tena "mtu" na "mke" huanza na silabi ambayo midomo imefungana! Wengi huifungua, na hapo udanganyifu umevunjika. Kidholuo nacho kina tabia yake: "wach" na "piny" hufungika mwishoni, basi funga na utulie.

Je, silabi ngapi ziguswe katika sentensi ndefu ya hasira? Bado nabishana na nafsi yangu. Kuna siku naziacha mbili, na kwenye picha inaonekana sahihi. Nikirudia vivyo hivyo kwa mhusika mwingine, inaonekana amelewa. Nashuku ukubwa wa mdomo una neno hapo, ila kanuni sijaipata.

Monita, yaani skrini inayoonyesha picha ya kamera, kwa ufupi. Jim Henson, muundaji wa vikaragosi vya Muppets, tangu kipindi chake cha Sam and Friends mwaka 1955 kule Washington, aliacha kibanda cha jukwaani cha kumficha mchezaji. Fremu ya televisheni ndiyo jukwaa, na mchezaji anatazama picha ileile anayoiona mtazamaji. Picha hiyo si kioo. Ukienda kulia, kikaragosi kwenye monita kinakwenda kushoto. Msiigeuze kwa programu ya simu ili iwe rahisi, mtajifunza upande usiofaa.

Vifaa visiwe kisingizio. Sponji ya godoro, jaketi la mitumba kutoka soko la Kibuye kwa ngozi, spoku za baiskeli kwa mikono. Mboni za macho zisogezwe kidogo kuelekea pua, la sivyo kikaragosi hakitazami popote.

Kisha simamisha simu, inua mkono, hesabu moja hadi ishirini bila kuinua vidole vya juu. Kwenye "mbili" anza umefunga. Bega litauma kabla ya kumi na tano. Pumzika, rudia, na usitoe sauti yoyote.