Je, wajua? Mpanda farasi wa kutisha katika filamu ya The Night of the Hunter hakuwa Robert Mitchum

Usiku, watoto wawili wamejificha juu ya ghala la nyasi kavu. Kwa mbali mtu anaimba wimbo wa kanisani. John, kaka mtu, anaamka na kuchungulia. Pale ardhi inapokutana na mbingu linapita umbo jeusi la mwanamume juu ya farasi, taratibu, kama mtu asiye na haraka kwa sababu anajua atakufikia tu. Mtoto anajiuliza kama jamaa huyu huwa halali kabisa.

Mtazamaji huapa kwamba farasi yule yuko mbali sana. Hayuko mbali. Eneo lote lilijengwa studioni, na aliyepanda si Mitchum, nyota wa filamu, ingawa sauti inayoimba ni yake. Ni mtu mzima mwenye kimo kifupi sana, amepanda farasi mdogo wa aina ya poni. Stanley Cortez, mpiga picha mkuu wa filamu hiyo ya mwaka 1955, alilieleza jambo hili mwenyewe miaka ya baadaye.

Kwa asiyeifahamu hadithi: tuko West Virginia, Marekani, kando ya mto Ohio, miaka ya 1930 uchumi ulipoporomoka. Baba wa familia anaiba dola 10,000 benki, anaua watu wawili, na kabla ya kukamatwa anazificha ndani ya mwanasesere wa bintiye mdogo, Pearl. Akiwa gerezani akisubiri kunyongwa, anawekwa chumba kimoja na Harry Powell (ndiye Mitchum), tapeli anayejiita mhubiri, mwenye maneno mawili yaliyochanjwa vidoleni: upendo mkono mmoja, chuki mkono mwingine. Powell akitoka anazifuata fedha hizo: anamwoa mjane, anamuua, kisha anaanza kuwasaka watoto. Riwaya iliyozaa filamu hii, ya Davis Grubb, ilitoka mwaka 1953, na mhusika huyo alichotwa kwa mtu wa kweli, Harry Powers, aliyenyongwa huko huko West Virginia mwaka 1932.

Sasa, hila yenyewe inafanyaje kazi? Jicho halina futi ya kupimia. Linakisia umbali kwa kulinganisha ukubwa wa kitu na ukubwa linaoujua tayari. Farasi wa kawaida ana kimo cha karibu mita 1.5 begani. Chukua poni wa mita 1, umweke mita 20 kutoka kwenye kamera: kwa jicho linaloamini kwamba huyo ni farasi wa kawaida, yuko mita 30. Umejipatia mita 10 za bure ndani ya jengo ambalo ukuta wake wa nyuma hausogei. Punguza na ukubwa wa vitu vya katikati, kama ua na miti, na umbali unazidi kurefuka.

Lakini uwiano lazima ulingane. Mitchum alikuwa na urefu wa karibu mita 1.85. Ukimweka juu ya poni, miguu yake inakaribia kuburura chini na mchezo umeishia hapo. Ukimweka mtoto, utakumbana na tatizo lingine: kichwa cha mtoto ni kikubwa kikilinganishwa na kiwiliwili, na jinsi anavyokaa juu ya tandiko humfichua hata akiwa ni kivuli tu. Mtu mzima mwenye kimo kifupi ana utulivu wa mtu mzima mgongoni mwa farasi, na akivaa kofia na koti lililokatwa kumtosha, umbo linakubalika.

Hatua inayofuata ni kufuta ushahidi. Pazia kubwa la nyuma humulikwa likawa jeupe kama anga la alfajiri, na mpanda farasi haelekezewi taa hata moja kwa mbele. Anabaki mweusi tii. Hakuna uso, hakuna kifungo cha koti, hakuna manyoya ya farasi, yaani hakuna chochote cha kuliambia jicho ukubwa wake wa kweli. Hapa ndipo picha ya nyeusi na nyeupe inapoilipa gharama yake. Rangi zilikuwepo tayari mwaka 1955, ila rangi hushuhudia: anga la kupakwa huonekana ni rangi ya ukutani. Cortez alitumia pia Tri-X, ukanda wa Kodak uliokuwa mpya wakati huo, wenye uwezo mkubwa wa kunasa mwanga, akautafutia weusi mzito badala ya kuutumia tu kupiga picha gizani.

Hila za namna hii huharibika kwa njia chache zinazojulikana. Kamera ikisogea kando hata kidogo, vitu vya karibu na vya mbali vinapishana kwa kasi isiyolingana na umbali unaodaiwa, na mtazamaji anahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata asipoweza kukitaja. Ndiyo maana kamera hutulia. Tundu la lenzi likiachwa wazi mno, ghala la mbele au mpanda farasi wa nyuma atakuwa na ukungu. Ukilibana ili vyote viwe vikali, unahitaji taa nyingi zaidi, na taa nyingi huongeza hatari ya kivuli cha farasi kuangukia pazia la nyuma, jambo ambalo anga halifanyi. Halafu kuna miguu. Mnyama mdogo hupiga hatua fupi za harakaharaka, kwa hiyo humwendesha kwa mwendo wa kutembea na kuikata picha mapema.

Charles Laughton, mwigizaji Mwingereza aliyeiongoza filamu hii, alikuwa amerudi kuzitazama kwa makini filamu bubu za D. W. Griffith kabla ya kuanza kazi, na alitaka hatari ionekane kama mtoto anavyoiona: kubwa, sahili, isiyo na maelezo mengi. Ndiyo maana katika safari ya mtoni hila ileile inageuzwa. Chura, sungura na utando wa buibui vimejaza sehemu ya mbele ya picha, na mtumbwi wenye watoto unapita nyuma yao ukiwa mdogo. Safari hii wanaopunguzwa ni watoto.

Kivuli cha kofia kinachotokea ukutani chumbani mwao kina hesabu yake pia. Taa ikiwa mita 2 nyuma ya mtu na ukuta ukiwa mita 6 kutoka kwenye taa, kivuli kinakuwa mara tatu ya mtu. Ila taa lazima iwe chanzo kidogo na kikali. Ukiifunika kitambaa cha kulainisha mwanga, kingo zinayeyuka na kivuli kinabaki kuwa doa tu.

Mama aliyezamishwa mtoni, nywele zikielea pamoja na majani ya maji, ni sanamu ya nta iliyofanana na Shelley Winters, ndani ya tangi, taa kali zikipenya maji kutoka juu. Mtu hai angelazimika kuizuia pumzi, na povu moja tu kutoka puani lingeiharibu picha.

Kwa maoni yetu, hata hivyo, fundi wa kweli anaonekana kwenye hila ndogo kuliko zote. Lillian Gish, anayeigiza mama mzee aliyewapokea watoto nyumbani kwake, ameketi barazani gizani na bunduki, akimlinda kila mtoto aliye ndani ya nyumba. Nje, Powell anaonekana vizuri kupitia wavu. Msichana anatokea na mshumaa, na papo hapo wavu unakuwa ukuta. Nje hakuonekani tena. Aliyewahi kukaa chumbani usiku taa ikiwaka, akajaribu kuchungulia nje kupitia wavu wa mbu dirishani, anaijua fizikia hii: nyuzi zikimulikwa kutoka upande wako, ndizo zinazoonekana, wala si kilicho nyuma yake. Mshumaa unazimwa, nje kunaonekana tena, na Powell hayupo. Hakuna aliyelazimika kukata picha wala kuongeza muziki. Mshumaa umefanya kazi yote.

Ilipotoka, filamu haikupata watazamaji, na Laughton hakuongoza nyingine hadi alipofariki mwaka 1962. Mwaka huohuo Mitchum aliitisha familia nyingine kwenye Cape Fear, nayo ya nyeusi na nyeupe. Mwaka 1992 kazi ya Laughton iliingizwa kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa kitaifa nchini Marekani. Na kwa kuwa alikuwa na kawaida ya kuiacha kamera iendelee kuzunguka katikati ya majaribio, saa kadhaa za mabaki ya upigaji picha zilisalimika na kuhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Humo anasikika akiwatamkia waigizaji mistari yao, akiwarudisha mwanzo, na kuwaomba waseme tena.