Filamu yenye viumbe wa ajabu si lazima iwe ya watoto

Wazazi wengi huamini kwamba filamu ikiwa na majini au msitu wa uchawi, basi ni ya watoto. Chukua El laberinto del fauno (kwa Kiingereza Pan's Labyrinth), filamu ya mwongozaji Guillermo del Toro, ya mwaka 2006. Binti mdogo, kitabu, kiumbe mwenye pembe: kwa juu juu ni hadithi ya kumlaza mtoto. Ndani ni Hispania ya 1944, miaka mitano baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mapema kabisa, kapteni wa jeshi anamponda kijana mkulima usoni kwa chupa, baba yake akiona. Mkobani mwao wamo sungura tu, kama walivyojieleza.

Marekani iliipa daraja R: aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Sababu iliyoandikwa ni ukatili wa waziwazi na lugha chafu, majini hayakutajwa.

Hata hivyo, viumbe wenyewe wanatisha kweli, kwa kuwa si katuni. Jitu jeupe lenye macho viganjani ni mwigizaji Doug Jones ndani ya ngozi bandia, akichungulia kupitia matundu ya pua. Mtoto wa miaka saba huona mwili halisi ukitembea, na usiku hapati usingizi.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha, soma daraja la umri pamoja na mstari wa sababu ulio kando yake. Picha ya kasha haitoshi.