Acheni kujigandisha kitandani saa nne usiku

Jamani naomba leo nilimalize hili. Kaniandikia tena kijana mmoja, anataka kujifunza kuota huku anajua anaota, kwa hiyo kila siku ikifika saa nne usiku analala chali, mikono kainyoosha pembeni, hajikuni hata akiwashwa, anasubiri mwili ulale akili ibaki macho. Hajaingia kwenye ndoto yoyote, ila usingizi wenyewe sasa umeanza kumkimbia na kazini anasinzia. Kaangalia video, jamaa wa kwenye video kasema usijigeuze hata kidogo. Swali lake kwangu: je, akikohoa inabidi aanze upya?

Hapana ndugu yangu, kohoa tu, maana hakuna ulichokuwa unakifanya.

Mtu mzima mwenye afya akilala, masaa ya mwanzo yanaliwa na usingizi mzito. REM, yaani kile kipande cha usingizi chenye ndoto nyingi na macho kutembea, ya kwanza inakuja baada ya kama dakika 90 hivi, tena fupi, dakika kumi ukiwa na bahati, halafu kila mzunguko inarefuka kidogo kidogo mpaka asubuhi. Ukilala saa nne ukaamka saa kumi na mbili, ndoto zako nyingi na ndefu zimejazana kuanzia saa tisa kwenda mbele. Wewe wa saa nne na nusu unapiga hodi kwa mtu ambaye hajatoka kazini. (Kama wewe ukifumba macho tu unatumbukia ndotoni moja kwa moja, na mchana usingizi unakuangusha popote pale, hicho sio kipaji, nenda hospitali wakuangalie.)

Na huko kuganda kwenyewe sio kazi yako. Ubongo ukiingia REM unazima misuli karibu yote, kila usiku, bila kuombwa na mtu, ili usije ukaota unakimbia ukampiga teke mwenzio. Vinavyobaki vinafanya kazi ni macho na kiwambo cha kupumulia. Ndo maana mtafiti Keith Hearne alipotaka kupata ushahidi kwamba mtu anaweza kujua anaota akiwa usingizini, kule chuo kikuu cha Hull, Uingereza, mwaka 1975, hakumwambia Alan Worsley, mwotaji aliyekuwa anapimwa, ainue mkono, walikubaliana atembeze macho kushoto kulia kwa mpangilio maalum akishajua yumo ndotoni, na mashine ikaandika zile alama wakati vipimo vingine vyote vinaonyesha mtu amelala fofofo. Mtafiti mwingine, Stephen LaBerge, akafanya kitu kile kile Stanford kivyake miaka michache baadaye. Tangu hapo ubishi wa kama jambo hili lipo ama halipo uliisha, mnaobishana nao kwenye simu wamechelewa sana.

Sasa ngoja niseme kinachoniudhi zaidi, maana hapa hata wanaojua wanachanganya. Mbinu ya kuingia ndotoni ukiwa macho ipo, sisemi ni uongo. Lakini ni ya saa kumi alfajiri, umeshalala masaa matano au sita, REM iko mlangoni, na hata hapo ni mbinu ngumu, sio ya mtu anayeanza. Wanaotengeneza video wanakata hicho kipande cha muda, wanabakiza "lala chali usitikisike", na kulala chali ndo mkao unaohusishwa zaidi na jinamizi! Kwa hiyo siku moja anaamka usiku, akili imewahi, misuli bado imezimwa, kifua kizito, anataka kuvuta pumzi ndefu haivutiki kwa sababu misuli ya mbavu imelala, anasikia mtu yuko chumbani. Tayari kakabwa. Asubuhi yuko kwa mganga au kwa mchungaji, na ile video anaisifia kwamba kweli inafungua milango.

Mnakumbuka Popobawa, lile jini lililosemekana linavamia watu usiku, 1995, Pemba na Unguja watu wanalala nje kwa makundi? Siwezi kuwasemea wote waliopitia yale, na hofu ya mji mzima ina sababu nyingi, siasa zikiwemo. Ila sikiliza masimulizi mengi ya kipindi kile, kubanwa, kushindwa kupiga kelele, uzito juu yako, utajua kwa nini sipendi mtu anayeanza afundishwe kuita hali hiyo makusudi. Ikikupata usipambane, pumua kawaida, jaribu kutikisa kidole gumba cha mguu, itapita. Ikikurudia mara kwa mara, kwanza angalia unalala masaa mangapi.

Haya, anayeanza afanye nini. Daftari na kalamu pembeni ya mto, sio simu, simu utaishia kwenye WhatsApp. Ukiamka usinyanyuke, tulia vile vile, vuta ulichoota, andika hata mstari mmoja. Mtu anayeniambia "mimi siotagi" huwa namjibu anaota, hakumbuki, na wengi wakiandika wiki mbili tatu kumbukumbu zinaanza kuja zenyewe. Kurasa zikijaa unaanza kuona vitu vinavyojirudia. Kuna dada mmoja daftari lake lilikuwa limejaa daladala: konda anadai nauli kwa noti za zamani, gari linapita Kariakoo halafu nje kuna bahari, na bibi yake aliyefariki kakaa siti ya dirishani anamenya machungwa. Hiyo ndo mali. Bibi kwenye daladala ni alama yake ya kumshtua kwamba anaota, sio vidole sita mkononi vya kwenye intaneti.

Halafu unaweka alamu iamshe baada ya masaa kama matano. Unaamka kweli kweli, dakika tano mpaka kumi, unaisoma ile ndoto, unarudi kulala (upande wowote, jikune unavyotaka) huku unajiambia "nikiota tena nitakumbuka kwamba naota", na unajiona umerudi kwenye ile daladala, unamwona bibi, na safari hii unashtuka: ahaa, hii ndoto. Hiyo inaitwa MILD, ni ya LaBerge. Waislamu hapa mna bahati, ukiamka kula daku, ukaswali alfajiri, ukarudi kulala, nusu ya mbinu umeshaifanya, na Ramadhani ndo mwezi ninaopata meseji nyingi kuliko yote za watu walioota vitu vya ajabu.

Msitegemee miujiza. Mtafiti Denholm Aspy wa Australia mwaka 2017 alichapisha utafiti, watu waliochanganya mbinu hizi kwa wiki moja walifanikiwa karibu asilimia 17 ya majaribio. Lakini waliosinzia ndani ya dakika tano baada ya kumaliza MILD walifika karibu asilimia 46. Yaani anayeshinda ni anayesinzia haraka! Mwambieni yule wa kukohoa.

Kujipima mchana kama unaota au uko macho, kuhesabu vidole, kuziba pua uone kama unapumua, huo utafiti ulionyesha peke yake hakusaidii kitu cha maana. Mimi bado nafundisha kuziba pua kwa sababu ndotoni kunakuonyesha haraka (umeziba pua na bado unapumua), ukishaanza kuhisi kuna kitu hakiko sawa, lakini nikiwa mkweli sehemu ni mazoea tu. Na kingine vitabu havipendi kukisema: wanaojitolea kwenye tafiti hizi ni watu wanaolipenda jambo hili tayari. Kwa mtu wa kawaida nadhani namba ziko chini. Na huku kuukatakata usingizi kwa alamu sikuamini kwa asilimia mia, ndo maana nasema mara mbili kwa wiki, siku ambayo kesho yake hutoki mapema. Dereva wa lori, nesi wa zamu, mama mwenye kichanga, mniache kabisa. Aliyewahi kusikia sauti au kuchanganyikiwa akalazwa, naye pia aongee na daktari wake kwanza.

Siku ya kwanza ukijua unaota utafurahi, furaha itakuamsha, ni kawaida. Humo humo ndotoni sugua viganja, angalia kitu cha karibu, ili ndoto isikatike. Na kujua sio kutawala, usije hapa kulalamika umejua unaota ila hukuweza kuruka.

Mwisho, wanaouliza kuhusu galantamini: ndiyo, kuna utafiti wa 2018, inaongeza nafasi ya kujua unaota. Ni dawa ya wagonjwa wa Alzheimer, inagusa mapigo ya moyo, na hapana, sikuelekezi pa kuipata.