Helmeti inayojitia giza: kioo hakiendeshwi na mwanga

Nimechoka kusikia helmeti ya kuchomelea inayojitia giza ikielezwa kuwa "kioo chake kinakuwa cheusi kikipigwa na mwanga, kama ile miwani inayokolea juani". Zinafanana kwa macho tu.

Ndani ya kioo hicho kuna fuwele kimiminika, yaani maada inayotiririka huku molekuli zake zikiwa zimejipanga kwa utaratibu. Ikiwekwa kati ya polaraiza mbili (vichujio vinavyopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu), volti kidogo hugeuza mpangilio huo na mwanga unazuiwa. Basi, maana yenyewe ni hiyo.

Ni volti, si mwanga. Kwenye miwani, miali ya urujuanimno yenyewe, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, hubadili kemikali za lenzi, na utasubiri sekunde kadhaa, pengine dakika. Kwenye helmeti, vihisio vidogo vilivyo mbele ndivyo vinavyouona mwako wa kuchomelea; sakiti inapeleka volti na giza linaingia kabla hata hujapepesa jicho. Bomba unalochomelea likiviziba vihisio, kioo kitabaki cheupe hata kama mwako unakumulika usoni.

Na ile seli ya sola juu ya kioo? Inalisha sakiti. Inatosha kwa sababu fuwele haitoi mwanga, inauzuia tu, hivyo inakula umeme kiduchu, sawa na kikokotoo cha sola. Lakini huwezi kuiunga moja kwa moja kwenye fuwele ukaiacha hivyo: umeme wake huelekea upande mmoja, na fuwele ikikaa na umeme wa namna hiyo huharibika taratibu. Sakiti inalazimika kupindua chanya na hasi muda wote. Helmeti nyingi zina betri vilevile.

Linaloniudhi zaidi ni kudhani kwamba giza ndilo kinga yote. Kichujio cha urujuanimno na infraredi (miali ya joto isiyoonekana) kinafanya kazi muda wote, kioo kiwe kwenye namba ya giza 3 au 4 kabla ya mwako, au 9 hadi 13 wakati wa kuchomelea. Giza linashughulika na mwanga unaoonekana, ambao nao si wa kuutazama bila kukingwa.

Kwa hiyo anayekushauri uianike helmeti juani "ili kioo kipate nguvu ya kukolea" hajakosea sana, maana jua litailisha sakiti. Ila kama haiingii giza, anza kwa kufuta vumbi kwenye vihisio, kisha kagua betri.