Kulala kipupwe maana yake nini? Nyuti wa Uingereza na chura wa jaruba

Shemeji yangu yupo Uingereza, juzi kanitumia klipu ya usiku, kamulika tochi kwenye kibwawa cha bustanini, juu pameganda barafu na chini kuna kadudu kama kamjusi kanatembea taratiiibu kwenye matope. Akauliza, shem, huyu si alitakiwa awe amelala?

Hako ni nyuti. Umbo la mjusi ila ni ndugu wa chura, ngozi laini haina magamba, na huku kwetu porini humpati. Sasa hii ya kulala kipupwe, yaani mnyama kutulia msimu wote wa baridi, inachanganya watu sababu ya neno lenyewe kulala, maana sio usingizi. Nyuti hatengenezi joto lake kama sisi, mwili unafuata maji au udongo alipo, kukipoa na yeye anapoa, moyo unapiga polepole, njaa inakata. Ni kama bodaboda umeiacha sailensa, haijazima ila haiendi popote, kwahyo siku baridi ikilegea kidogo anajivuta.

Wengi wao hata hawamo bwawani kipindi hicho, wamejificha nchi kavu chini ya magogo na mawe, majini wanarudi Februari, Machi hivi kuzaliana. Wanaobaki wanakaa chini kabisa, maji ya nyuzi 4 ndo mazito kuliko yote, yanazama, barafu inaanzia juu. Hewa wanapata kwa ngozi humohumo majini.

Sie Tabora baridi ya Juni na Julai inaishia kwenye sweta, shida yetu ukame. Kuna mwezi wa tisa tulikuwa tunachimba udongo wa tofali pembeni ya jaruba, pagumu jembe linadunda, bonge likapasuka ndani kuna chura kajikunja, rangi ya udongo uleule. Mwenzangu akasema huyu kafa. Nikammwagia maji yangu ya kunywa, tukakaa weee, mguu ukacheza. Na huyo yupo sailensa, ila yeye kilichomtuliza ni kukosa maji, ndo maana mvua za Novemba zikigonga tu unasikia kelele zote zile usiku mmoja.

Shem akauliza tena, avunje barafu wapate hewa? Nikamwambia asipige nyundo, mshindo unawasumbua walio chini, aweke sufuria ya maji ya moto juu yake mpaka patoboke, na theluji aifagie mimea ya humo ipate mwanga.