Aliyejilipua si Mirambo
Vijiweni hapa Tabora husimuliwa kwamba mtemi Mirambo alijilipua kwa baruti Wajerumani wasimkamate. Siye. Mirambo wa Urambo alifariki Desemba 1884. Bendera ya Wajerumani ilipandishwa Tabora 1890. Aliyewasha baruti Januari 1893, askari wa ofisa Mjerumani Tom von Prince walipovunja ngome yake, ni Isike, mtemi wa Unyanyembe, utemi wa hapa Tabora. Hakufa papo hapo, wakamnyonga.

Tena wawili hao walikuwa mahasimu, Wanyamwezi kwa Wanyamwezi! Vita vilivyompa Mirambo jina ni vya 1871, dhidi ya Waarabu wa Tabora na wenzao wa Unyanyembe. Aliwavizia wakirudi kutoka kijiji cha Wilyankuru wamelemewa na pembe za ndovu walizopora, akawachakaza, kisha akaingia mjini na kuchoma nyumba. Henry Morton Stanley, msafiri na mwandishi wa habari aliyekuwa mshirika wa Waarabu, alijichimbia Kwihara, karibu na Tabora, akimsubiri.