Kichwa kikiuma mlimani: majibu kwa wanaolalamika kuhusu cheti cha kupanda

Kiangazi kikifika, maombi ya cheti cha afya kwa wanaopanda milima huongezeka kwenye ofisi yetu hapa Goma, na malalamiko nayo huongezeka. Kwa nini mganga anauliza maswali mengi? Kwa nini kijana mwenye nguvu aliambiwa angoje? Kwa nini kiongozi wa msafara aliwarudisha watu waliobakiza saa moja tu kufika? Sababu ya yote matatu ni ugonjwa wa mlima, yaani madhara ya kupanda juu haraka kuliko mwili unavyozoea. Tunajibu hapa kwa maandishi, maana majibu ya dirishani hayasikilizwi hadi mwisho.

Hoja inayorudi kila mara ni kwamba sisi ni watu wa juu tayari. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Bukavu ni vilevile. Mgeni wa Kinshasa anaanzia chini zaidi, hilo ni kweli, ila mita 1,500 hazimkingi mtu dhidi ya mita 3,500. Na kukaa komini ya Karisimbi hapa mjini si kukaa juu ya mlima Karisimbi, ingawa hata hilo tumekwisha kuambiwa.

Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa popote, iwe Muanda baharini au kileleni. Kinachopungua ni presha ya hewa, yaani nguvu inayoisukuma oksijeni hiyo iingie kwenye damu. Goma presha ni asilimia 84 hivi ya ile ya pwani. Ukingoni mwa shimo la volkano ya Nyiragongo, mita 3,470, inashuka karibu na asilimia 65. Juu ya Karisimbi, mita 4,507, ni kama asilimia 57, na kilele cha Margherita kule Ruwenzori, mita 5,109, inabaki zaidi kidogo ya nusu.

Mwili unajibu kwanza kwa kupumua haraka na moyo kupiga mbio. Kisha figo zinaanza kurekebisha damu, kazi ya siku kadhaa, ndiyo maana mtu anakojoa mara nyingi. Hiyo ni dalili njema. Chembe nyekundu mpya zinakuja baada ya majuma. Anayemeza vidonge vya kuongeza damu siku mbili kabla ya safari anawapa wenye duka pesa zake bure.

Sasa pigeni hesabu ya Nyiragongo. Njia inaanzia Kibati, karibu mita 2,000, na baada ya saa nne hadi sita mtu yuko ukingoni na analala hukohuko. Mwili haujapata hata usiku mmoja wa kuzoea. Kanuni ya waganga ni kwamba ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya mapumziko. Kinachohesabiwa ni mahali unapolala. Nguvu za miguu hazikingi kitu. Wachezaji mpira wanashikwa kama wengine, pengine mapema zaidi kwa sababu wanakimbilia kutangulia.

Ugonjwa wenyewe kwa kawaida hauji njiani. Mara nyingi unaanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika, kwa hiyo aliyefika akicheka saa tisa mchana anaweza kuamka usiku kichwa kinapasuka. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu, tuhesabu kwamba ni ugonjwa wa mlima hadi ithibitike vinginevyo. Si lazima iwe maralia, ingawa mwenye homa apimwe mara akishuka. Hapandi zaidi. Apewe parasetamoli gramu 1, maji, blanketi. Asipewe pombe ya kupasha mwili joto wala dawa ya usingizi, kwa sababu zote mbili zinapunguza pumzi usiku, saa ambazo oksijeni ya damu inashuka kuliko mchana. Asipopata nafuu, anashuka.

Kuna hali mbili ambazo hazingoji asubuhi. Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mwambieni mgonjwa atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, hatua kumi. Akiyumba kama mlevi, au akianza kujibu mambo yasiyoulizwa, msiseme "amechoka, mwacheni alale". Usingizi huo anaweza asiamke. Ya pili ni mapafu kujaa maji: mtu anahema akiwa ameketi tu, anakohoa kikavu, baadaye povu lenye rangi ya damu. Hii hupenda kuja usiku wa pili, kwa hiyo iogopeni zaidi Karisimbi, ambako kambi iko karibu mita 3,700, na Ruwenzori. Watu wanaiita baridi ya kifua na kutoa amoksisilini. Amoksisilini haijamshusha mtu mlima hata mmoja.

Kushuka maana yake ni mita 300 hadi 1,000, hata usiku, akiwa na watu wasiopungua wawili wenye taa. Mwenye mapafu yaliyojaa maji abebwe kwa kipoyi, maana juhudi ya kutembea inamwongezea maji kifuani. Oksijeni ikiwepo, lita 2 hadi 4 kwa dakika, hadi kipimo cha oksijeni cha kidoleni kivuke asilimia 90. Kidole kipashwe joto kwanza na rangi ya kucha itolewe, la sivyo namba inadanganya. Deksametazoni (miligramu 8, kisha 4 kila saa 6) ni ya ubongo; nifedipini ya kuyeyuka polepole (miligramu 30 kila saa 12) ni ya mapafu. Zinatolewa na aliyefundishwa, na hazichukui nafasi ya kushuka.

Tafadhali msichanganye haya na mazuku. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inayotulia mashimoni na mabondeni kuelekea Sake. Aliye ndani ya mazuku anaokolewa kwa kutolewa juu, na anayemfuata shimoni bila kifaa cha kupumulia anakufa naye. Mgonjwa wa mlima anaokolewa kwa kushushwa. Kanuni hizo mbili zinapingana, na mwenye kuzichanganya ataua mtu kwa nia njema.

Asetazolamidi inasaidia kuzuia: miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawasha na soda itapoteza ladha. Hayo si mzio. Si dawa ya kutuliza maumivu, na haifai kwa mjamzito, mwenye ugonjwa wa figo, au aliyewahi kudhurika vibaya na dawa za salfa.

Sasa swali linalowaudhi watu: kwa nini tunadai kipimo cha damu. Mwenye drepanositozi (ugonjwa wa selimundu), yaani SS, hatusaini cheti chake kamwe, kwa sababu upungufu wa oksijeni unakunja chembe za damu na kuziba mishipa. Mwenye AS, yaani aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, huishi vizuri mjini bila kujijua, lakini huko juu bandama inaweza kufa sehemu: maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, ambayo wenzake wanayaita gesi ya tumbo. Kipimo cha Emmel, kinachoangalia tu kama chembe zinakunjika, hakitoshi, kwa maana kinatoka chanya kwa SS na kwa AS vilevile. Leteni karatasi ya elektroforezi, kipimo kinachotenganisha SS na AS. Inafanywa mara moja na inatumika maisha yote.

Mhusika aje mwenyewe. Cheti hakichukuliwi na kaka, shemeji wala motari (dereva wa pikipiki). Kutumia cheti cha kughushi ni sawa na kukighushi: sheria ya adhabu ya Kongo, kitabu cha pili, kifungu cha 124, inataja kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5 na faini, au kimojawapo, na kifungu cha 126 kinampa mtumiaji adhabu ileile. Kiongozi akimshusha mgonjwa, aandike saa dalili zilipoanza, mwinuko, dawa na kiasi alichopewa, na namba ya oksijeni kabla na baada ya kushuka. Karatasi hiyo ikabidhiwe mkononi kwa mganga wa zamu, si kwa dereva.